Reli Pana Kuliko Mlango

Wajerumani waliifikisha reli Moshi mara moja tu, wakapumzika. Mimi naifikisha kila mwaka, na kila Desemba inang'olewa.

Hiyo ndiyo shida ya kuwa fundi huku kwetu Mwika. Ikifika Desemba, kila mtu aliyewahi kunywa maziwa ya ng'ombe wa nyumbani anarudi mlimani. Magari yanapanda kutoka Dar yakiwa yamejaa mashangazi, watoto wasiojua kusalimia na mifuko ya mchele, kana kwamba sisi huku tunakula mawe. Kile chumba cha uani, ambacho mwaka mzima kinalala magunia, majembe na treni yangu, ghafla kinageuka hoteli. Mama anaingia na ufagio, mimi natoka na maboksi. Januari naanza upya. Nikiwa kidato cha kwanza niliona ni mchezo. Sasa niko cha tatu na nimechoka kama mzee wa kustaafu.

Niseme mapema kwamba treni yangu si ya dukani. Hata ningekuwa na hela, hapa Mwika huwezi kwenda kwa mangi ukasema nipe nusu kilo ya sukari na behewa moja. Mabehewa yangu ni makopo ya samaki. Magurudumu ni vizibo vya soda, viwili viwili, vimegundishwa mgongo kwa mgongo, na katikati inapita spoku ya baiskeli. Reli ni waya uliobaki baada ya kujenga banda la ng'ombe, nimeunyoosha kwa nyundo juu ya jiwe mpaka vidole vikakoma kuniheshimu. Mataruma ya chini ya reli ni vijiti vya aiskrimu nilivyookota nje ya geti la shule. Nilivichemsha kwanza, maana sijui vililambwa na nani. Kokoto ni maganda ya kahawa. Mota ya kichwa cha treni niliitoa kwenye deki bovu la video nililolipata Memoria, kule mjini kwenye mitumba, na inakula betri za tochi kama zimepikwa na nazi. Mlima wenyewe ni karatasi za mitihani yangu ya hesabu, zilizoloweshwa kwenye uji wa ngano. Ni mara ya kwanza mitihani hiyo kusimama kwa miguu yake.

Kuna siku nilikwenda mpaka stesheni ya Moshi kupima behewa la kweli kwa mikono, nimejinyoosha ubavuni mwake kama mjusi. Mlinzi akaja.

"Wewe, unapima nini hapo?"

"Behewa, shikamoo."

"Marahaba. La nani?"

"Hili sijui. La kwangu liko nyumbani."

Alinitoa kwa fimbo, lakini hakunipiga. Nadhani alinihurumia.

Haya yote nayafanya katika muda ambao sina. Ng'ombe wetu hatoki bandani, anahudumiwa kama mgonjwa wa wodi ya kulipia. Nikitoka shule nakata majani, nabeba mzigo kichwani napandisha nao, nachanganya na migomba iliyokatwakatwa, naosha miguu, nakuta masomo yananisubiri. Treni inapata kile kinachobaki, na kinachobaki ni mtu anayesinzia na gundi mkononi.

Ndiyo maana mwaka jana nilitumia akili. Nilikusanya mbao za mgrivea, nene, nikazipigia misumari humo humo chumbani, upana ukazidi mlango. Juu yake nikajenga reli yote: chini stesheni ya Moshi, halafu njia inayopanda, inapinda, inapanda tena mpaka Mwika. Treni ya kweli inapita mjini tu. Ya kwangu niliipandisha mlimani, nani wa kunikataza. Nilipomaliza nikasimama mlangoni, nikasema moyoni, haya, tuone atakayeitoa.

Mama alikuja mwanzoni mwa Desemba.

"Hicho kitu kitoke. Wageni wanakuja."

"Mama, hakipiti mlangoni."

"Kiliingiaje?"

"Hakikuingia. Kilizaliwa humu."

"Basi kitafia humu humu. Shoka liko nyuma ya jiko."

Mshua, baba yangu, alikuwa na maneno machache zaidi. Alichungulia dirishani, akasema, "Vunja," akaendelea na safari yake ya kwenda kwenye miparachichi.

Nililala nikiwaza. Ndipo nikaikumbuka isale.

Kwa asiyeijua: isale ni ule mmea wenye majani marefu tunaopanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Ukimkosea mtu, hata kama ni kosa la kukatana mapanga, unakata jani la isale unampelekea, au unamtuma mtu akupelekee. Aliyeletewa hawezi kukataa. Akikataa, balaa ni lake. Nikapiga hesabu ambayo mwalimu wangu angejivunia: kama isale haikataliwi, na mimi nataka chumba, basi naomba chumba kwa isale. Nikakata jani zuri mpakani, nikalifuta vumbi, nikaenda nalo kwa bibi, mama yake mshua. Nyumba yake iko hatua chache kutoka kwetu, na neno lake ndilo la mwisho kihambani.

Alikuwa kwenye kigoda anapukuchua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umejinyoosha hivyo, unaenda kuposa?"

Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Maharage yakasimama. Akalitazama, akanitazama.

"Umemkosea nani?"

"Sijamkosea mtu. Naomba reli yangu isivunjwe. Naomba kile chumba."

"Chumba? Kwa isale?"

"Si haikataliwi?"

"Haikataliwi."

"Basi."

Nilisogea nyuma kidogo, maana bibi ana mkono mrefu. Lakini alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la khanga, akasema Ruwa wangu, yaani Mungu wangu, akacheka tena. Halafu kicheko kikakatika, akalichukua lile jani, akaliweka kwenye magoti na kulitazama muda mrefu.

"Nani kakuona ukilikata?"

"Hakuna."

"Vizuri. Mpelekee baba yako. Mwambie bibi amesema kaka yake ameleta isale."

Hapo inabidi nieleze. Mshua ana kaka mmoja tu, baba yangu mkubwa, anaishi Dar. Walikorofishana pale mshua alipong'oa mibuni iliyopandwa na babu akapanda parachichi. Baba mkubwa alikuja msimu huo, akakuta mashimo, akasema umemzika baba mara ya pili. Tangu hapo hawajasemezana. Akija Krismasi anapanda kumsalimia bibi, anakula mtori wake wa ndizi, kisha anashuka kulala gesti mjini Moshi. Mchagga kulala gesti wakati mama yake yuko hai mlimani ni jambo ambalo watu huku wanalisimulia kwa kunong'ona, kama ugonjwa.

"Bibi," nikasema, "huo si uongo?"

"Na wewe hapa ulikuja na nini? Injili?"

"Na chumba changu?"

"Isale nimepokea. Kuhusu chumba umenisikia nikisema kitu?"

"Hapana."

"Basi nenda, mume wangu."

Nilimkuta mshua anapalilia. Nikampa jani, nikamwambia neno lile lile la bibi, bila kuongeza chumvi. Alifuta mikono kwenye suruali kwanza. Alilishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu.

"Yeye mwenyewe kasema nini?"

"Mimi nimetumwa na bibi tu."

Alilikunja akalitia mfuko wa shati, akarudi kupalilia, lakini alipalilia sehemu ile ile mpaka nikaondoka.

Niliporudi, bibi alinipa simu yake nimpigie namba, kwa sababu macho hayaoni vitufe. Nikaweka sauti ya nje.

"Mwanangu," akamwambia baba mkubwa, "mdogo wako ameleta isale."

Tukasikia honi za Dar.

"Ameleta yeye?"

"Nimeishika kwa mkono wangu huu."

Kisha baba mkubwa akakohoa. "Basi nitakuja, mama."

"Utalala wapi? Usinitajie gesti."

"Nitalala nyumbani."

"Chumba cha uani kipo. Kitupu kabisa."

Aliposema kitupu alinitazama mimi. Yaani jani nililikata mwenyewe, nikalibeba mwenyewe, na namba nikapiga mwenyewe. Niliketi chini pale pale kwenye maganda ya maharage. Kuna uchovu wa kubeba majani, na kuna uchovu wa kushindwa na bibi kizee ambaye hata hajasimama.

Baba mkubwa alifika mkesha wa Krismasi, mchana, na reli bado ilikuwa chumbani, maana kila mama aliponitajia shoka nilikimbilia majani ya ng'ombe. Wakaketishwa uani kwa bibi, yeye na mshua, kila mmoja kwenye kigoda chake, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kila mmoja aliketi kwa upole wa mtu anayesubiri kuombwa radhi. Mshua alitabasamu kidogo, ile ya kumwambia sema tu ndugu yangu, usiogope. Baba mkubwa naye akatikisa kichwa, ile ya kusema anza basi. Mama akaleta mbege, pombe yetu ya ndizi. Wakanywa. Wakasifu mbege. Wakaongea barabara ya Segera, wakaongea mvua, wakamaliza mvua yote. Bibi alikuwa anakula mtori kwa hamu, kijiko baada ya kijiko, hatazami mtu.

Hatimaye baba mkubwa alichoka, akachukua begi lake kwenda chumbani. Akarudi bila kuingia.

"Mle chumbani kuna nini?"

Tukaenda wote. Alisimama mlangoni amekumbatia begi, anatazama mlima wangu wa hesabu.

"Inatembea?"

"Inatembea, baba mkubwa. Kidogo."

Nikaunganisha betri. Kichwa kikakohoa, kikaondoka stesheni na mabehewa matatu yaliyojaa buni, buni za kweli, maana treni ya kwetu itabeba nini kingine. Ikapanda. Nimevisha magurudumu ya mbele mpira wa baiskeli yasiteleze, na hayakuteleza. Ilipofika kwenye kona ya juu ikafanya kama inavyofanya siku zote: ikafikiri, ikalala ubavu. Mshua aliidaka kabla haijafika sakafuni.

"Kona kali hiyo," akasema baba mkubwa.

"Si nilimwambia?" akasema mshua, ambaye katika maisha yake ameiambia reli yangu neno moja tu.

Baba mkubwa akaokota buni moja iliyomwagika, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hii kahawa ya wapi?"

Mama akaacha kufuta meza isiyokuwepo. Mshua akatazama kichwa cha treni mkononi mwake.

"Ya kwetu. Ile mibuni ya kando ya kaburi la mzee. Ile sikuigusa."

"Sikuambiwa."

"Hukuuliza."

Baba mkubwa akairudisha ile buni ndani ya kopo, taratibu, kama anahofia kuiumiza. Hakuna aliyeomba radhi. Lakini begi aliliweka chini, hakulishika tena.

"Sasa mimi nalala wapi?" akauliza.

Wote wakanitazama. Msumeno mdogo ulikuwa umeazimwa na jirani, na nyumbani ulibaki ule mrefu wa magogo, wenye mishikio miwili. Shoka lilikuwepo pia, nyuma ya jiko.

Nakiri nilikuwa na njia moja. Ningefungua mdomo tu: hiyo isale hakuileta mtu, niliikata mimi. Begi lingerudi kwenye gari kabla mtori haujapoa, chumba kingebaki changu, reli ingebaki nzima. Nilimtazama bibi. Alikuwa ameegemea fremu ya mlango, kijiko bado mkononi, ananitazama kama mtu anayesubiri kuona kuku ataruka upande gani. Hakunikonyeza wala hakunionya. Aliniachia.

Nikatazama ile njia yote ya waya, mataruma niliyoyachemsha, kona niliyoipinda na kuipindua mara sijui ngapi na bado haijanyooka. Nilikuwa nimechoka hata kuipigania.

"Kateni hapa," nikasema, nikawaonyesha kati ya stesheni na mwanzo wa mlima, ambapo reli imenyooka. "Na msishike huko juu, gundi haijakauka vizuri."

Mshua na baba mkubwa wakaushika ule msumeno, mmoja huku, mmoja kule. Mgrivea ni mti mgumu ukikauka.

"Vuta."

"Navuta. Wewe unasukuma."

"Nani anasukuma? Tangu utoto ukipewa msumeno unasukuma."

"Tangu utoto wewe unakata kombo ukisingizia mti."

Bibi akarudi kwenye mtori wake. Mimi nilishikilia ubao usitetemeke, vumbi la mbao linaniingia puani, natazama Moshi inatengana na mlima.

Vipande viwili vilipita mlangoni, tukaviweka ukumbini nyuma ya kochi. Krismasi tulitoka kanisani tukawakuta wazee hao wawili wametutangulia, wameinama hapo na nguo zao nzuri. Walikuwa wameviunganisha vipande, wakagundua msumeno ulikula upana wa kidole, reli hazikutani, na mkato wenyewe umeenda kombo. Walikuwa wanabishana kwa Kichagga, kwa sauti, ni nani aliyeuendesha vibaya.

"Wewe, fundi," mshua akaniita bila kugeuka, "kalete waya. Na nyundo."

"Na ile gundi yako," akaongeza baba mkubwa. "Kimbia."

Nilikuwa sijavua hata viatu. Nikaenda, lakini sikukimbia.