Filamu Niliyomsimulia Fundi

Juzi mume wangu aliweka filamu ya majasusi wanaomsaka mhalifu wa vita aliyejificha mjini kwa jina la kuazima. Walipomleta mama mzee nyuma ya pazia aitambue sauti ya mhalifu huyo, niliinuka nikaenda kusimama jikoni. Filamu kama hiyo niliwahi kuiona utotoni, rafiki yangu, na hadi leo inanitia uchungu.

Tulikuwa tumetoka Bukavu tukahamia kwa bibi, niliyemwita Koko, huko Mururu, kwenye mteremko ambapo asubuhi unaiona Kongo ng'ambo ya mto. Nilikuwa na miaka tisa. Kazi zangu zilikuwa kuchota maji na kukaanga sambaza, dagaa wa ziwani, nami nilizikwepa zote mbili nikakimbilia kwa fundi wa nguo. Cherehani ikilia, pasi ya makaa ikinukia, nilimsimulia filamu za kibanda cha video cha Kamembe, ambako mfasiri alizungumza Kinyarwanda juu ya sauti za wazungu na kuongeza chumvi zake. Ndivyo watoto tulivyofanya: aliyeona alimsimulia asiyeona. Fundi alinitunzia vipande vya kitenge nimvishe mwanasesere wangu. Nilimpenda sana.

Wiki niliyoiona filamu ile ya majasusi, bibi alinituma nimwite fundi aje kumpima gauni, ingawa kitambaa hakuwa nacho. Jioni, fundi akiwa bado hajaja, akaniuliza anacheka vipi, akimwita mtu anatamkaje. Nilikuja kujua baadaye kwamba wajomba zangu wawili walichukuliwa kule Nkungu, alikoishi bibi zamani, wakati wa mauaji ya kimbari. Bibi, akiwa amejificha migombani, hakuuona uso wa aliyewaita kwa majina. Alisikia sauti tu.

Ulimi hauna mfupa. Nikimsimulia fundi filamu ile, nilipofika kwenye pazia na mama mzee, nilimwambia nikicheka, “Huyu mama njo kama Koko. Kila siku ananiulizaka vile unaongeaka.”

Cherehani ikanyamaza.

“Koko wako alikuwa anaikala wapi zamani?” aliuliza polepole.

Nikamjibu: Nkungu. Alipiga pasi shati lililobaki, akalikunja vizuri, kisha akanipa kitenge kizima.

Kesho yake cherehani ilikuwepo, yeye hayupo. Wamama wa biashara walisema wamevuka naye daraja la kwenda Kongo alfajiri, bila mzigo.

Nilimweleza bibi kila kitu nikingoja fimbo. Hakuishika. Alikaa chini, palepale mlangoni.

“Sikutaka bamufunge,” alisema. “Nilikuwa nataka aniambie tu: batoto bangu, alibaweka wapi?”

Sasa kile kibanda kimebomolewa, watoto wanatazama filamu kwenye simu, kila mmoja peke yake, na hakuna anayemsimulia mwenzake. Fundi hakuonekana tena. Bibi naye amekwenda, swali lake likiwa halijajibiwa. Kabla ya kufa alituomba tuache nafasi ya watu wawili kando ya kaburi lake. Tuliiacha. Kila mwaka naenda kuipalilia.