Siku Traceur Ilipokataa Kuchora

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa chama kimoja, mimi na baba yangu tulikuwa tukifanya kazi katika ofisi moja ya ramani za majengo, Kisangani. Yeye alikuwa mchoraji wa mkono tangu ujana wake, mtu wa wino na karatasi ya kalki, ile inayopenya mwanga. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka mafunzoni Kinshasa, mmoja wa wale wachache waliojua kuchora kwa kompyuta. Kompyuta zilipofika, meza ya baba ilisukumwa hadi ukutani ili zipate nafasi. Hakulalamika. Alisema tu kwamba kule kuna giza.

Kompyuta zetu ziliunganishwa kwa waya mmoja mweusi uliopita nyuma ya meza zote, toka ukuta huu hadi ule. Ile ya pembeni ndiyo iliyoshikana na traceur, mashine ndefu yenye kalamu zake, inayochora ramani kwenye karatasi pana. Ukimaliza kazi kwenye kompyuta yako, unaituma kwa waya, na traceur inaanza kukwaruza. Watu wa ofisi nyingine walikuwa wakija kuitazama tu.

Asubuhi ile walikuja wageni kutoka Bafwasende: mkunga mmoja na wazee wawili wa kamati yao. Walikuja kuchukua ramani ya nyumba ya kuzalishia, na lori la kuwarudisha lilikuwa likiwasubiri sokoni. Mkurugenzi, koti lake la abakosti limenyooshwa vizuri, aliwakalisha mbele ya traceur kama watu wanaongoja misa ianze.

"Citoyenne," akaniambia, kama wanawake wote walivyoitwa wakati ule, "tuma."

Nikatuma. Kioo kikaandika kwamba mashine ya kuchora haionekani. Nikatuma tena, maneno yakawa yale yale. Nikazima kila kitu, nikawasha, nikawaeleza wageni kwamba huenda umeme wa bwawa la Tshopo ulikatika usiku na kuivuruga traceur. Nikaenda kwenye ile kompyuta ya pembeni, nikaiagiza ichore mstari mmoja wa majaribio. Ikachora bila shida. Kwa hiyo traceur ilikuwa nzima, na ubaya ulikuwa njiani. Ningeweza kubeba ramani yangu kwa disketi, lakini kisoma disketi cha kompyuta ile kilikuwa kimekufa tangu zamani. Nikapiga magoti, nikaanza kuufuata waya kwa mkono, chini ya meza moja baada ya nyingine, sketi yangu ikizoa vumbi na wageni wakitazama visigino vyangu.

Nilipofika mwisho wa waya, karibu na dirisha, niliona kilichopungua. Waya wa namna ile lazima ufungwe ncha zote mbili kwa bouchon, kifuniko kidogo cha chuma. Isipokuwepo, kompyuta zote zinakuwa kama viziwi. Ncha ile ilikuwa wazi. Na meza iliyokuwa juu yangu ilikuwa ya baba. Jana yake jioni, watu walipotoka, alikuwa ameirudisha kwenye mwangaza. Bouchon ilikuwa juu ya ubao wake, pembeni ya rula, kama kitu ambacho mtu amekiweka ili kisipotee.

Nikaichukua, nikaifunga mahali pake.

"Iko nini?" mkurugenzi akauliza.

"Bouchon iliachia yenyewe, citoyen directeur. Ilianguka."

Baba alikuwa amesimama nyuma ya wageni. Akasogea mbele.

"Haikuanguka," akasema. "Ni miye niliitoa. Nilikuwa nasogeza meza, nikaona kale ka chuma kwa mwisho ya waya, hakashike kitu. Nikawaza iko ya bure."

Kijana mmoja wa kompyuta alicheka. Wengine wakamfuata. Mkurugenzi hakucheka. Alinitazama mimi, kisha baba, kisha mimi tena, na mkunga yule akainamisha kichwa kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wakati mbaya. Nikaituma ramani tena, na traceur ikaanza kukwaruza. Nilisimama pale nimeshika ukingo wa karatasi, ambao haukuhitaji kushikwa.

Jioni tulirudi nyumbani kwa miguu kama kawaida. Tulipolipita soko, baba akaniambia:

"Leo umeniaibisha."

"Papa, nilitaka kukusaidia."

"Ni mutoto tu njo wanamusemea uongo. Miye niko mutu muzima. Nikiharibu, nasema niliharibu. Umenigeuza mutoto mbele ya wageni."

Kutwa nzima nilikuwa nimemwonea haya yeye, kwa vile walivyomcheka. Sasa nilijionea haya mwenyewe, na haya hiyo ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza.

Kesho yake alivaa shati lake la Jumapili, akaenda kwa mkurugenzi kuomba afundishwe mambo ya waya.

"Bon," mkurugenzi akasema. "Binti yako atakufundisha."

Basi nikamfundisha baba yangu mchana kweupe, wenzangu wote wakisikia. Yeye alikaa kwenye kiti kifupi, mimi nimesimama, jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwahi kutokea. Nilimweleza njia ya ramani kutoka kompyuta hadi traceur, na maneno yalinitoka haraka, nusu Kifaransa, macho yangu yakiwa sakafuni. Alinisimamisha.

"Rudia pale, mwalimu. Polepole."

Hakuwa akinidhihaki. Aliuliza kama mwanafunzi anavyouliza, na safari hii hakuna aliyecheka. Nikarudia. Sauti yangu ilitetemeka, naye akajifanya hasikii.

Alikaa ofisini hadi alipostaafu. Traceur iligoma mara nyingine nyingi, naye alikuwa mtu wa kwanza kuinama chini ya meza. Neno lile la mwalimu hakulileta nyumbani hata siku moja; kule nilibaki mtoto wake, na sikuwahi kumshukuru kwa hilo.