Chupa Katika Friji ya Chanjo

Sikuwa mlevi. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia habari hizi kuna mtu wa kunikonyeza, na mimi sipendi kukonyezwa. Mlevi hunywa chochote kilicho mbele yake. Mimi chupa moja niliweza kukaa nayo wiki nzima, nikinusa kwanza, nikionja kidogo, nikitulia, nikionja tena, huku nimetega sikio nisikie kama risasi zimeanza upande wa mtoni.

Hiyo ilikuwa Garissa, wakati wa vita vya wale waasi wa Kisomali tulioambiwa tuwaite shifta, yaani majambazi. Nilikuwa karani wa idara ya mifugo, kijana kutoka bara, na nilikuwa mwoga. Niseme tu. Mlango nilikuwa naukagua mara tatu kabla ya kulala. Lori likipasuka gurudumu sokoni, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kulala chini na wa mwisho kuinuka.

Kazi yangu ilikuwa kutunza stoo ya dawa, na ndani ya stoo, friji moja ndogo ya mafuta ya taa. Humo ndimo ilimokaa chanjo ya sotoka, ugonjwa unaoweza kumaliza zizi zima la ng'ombe kabla mwezi mwingine haujaandama. Chanjo ile ikipata joto inakufa. Ukiitumia baada ya hapo umemdunga ng'ombe maji.

Mvinyo niliupata kwa bwana mifugo wa zamani, Mzungu aliyenifundisha kuonja tulipokuwa tukipiga kambi safarini. Alipoondoka baada ya uhuru aliniachia sanduku la mbao lenye chupa saba. Nililisukuma chini ya kitanda, nikalifunika shuka, nikawa nalala juu yake kama kuku anayeatamia.

Joto la Garissa halikuzionea huruma. Chupa ya kwanza, nyekundu ya Kifaransa, ilikuwa imechemka polepole humo ndani kwa miezi hata ikawa na ladha ya jamu iliyoungua. Hata hivyo sikuitupa. Niliiacha ndani ya bilauri nikazunguka nayo chumbani, nikainusa tena, na chini ya ile jamu nikapata harufu ya ngozi ya mbuzi iliyoanikwa, na nyuma yake, kwa mbali sana, zambarau. Lo, nilifurahi! Ya pili ilikuwa ya Kitaliano, imevishwa kikapu cha majani makavu. Hiyo ilikuwa chachu, ikinikwaruza koo, na ilinuka jani la mnyanya ukilisugua kwa vidole. Peke yake ilinikasirisha, lakini na nyama ya mbuzi ilikaa kimya ikawa na adabu. Nyeupe ya Kireno niliipoza ndani ya mtungi niliouzika kwenye mchanga wenye maji. Ilinichonyota ulimi kidogo, ndimu na mawe ya mtoni, na hiyo nakiri haikumaliza siku mbili.

Aliyenicheka kuliko wote ni mchanjaji wetu, Msomali aliyenizidi miaka ishirini. Nilimwita adeer, kama vijana wa pale walivyowaita wanaume wa rika la baba zao. Yeye hakugusa pombe, wala hakutaka bilauri yangu ikae karibu na kikombe chake cha chai. Lakini akipita barazani kwangu jioni na kunikuta nimetumbukiza pua ndani ya bilauri, macho nimefumba, alikuwa anasimama kabisa.

"Karani, wallahi, wewe nanusa kama ng'ombe dume. Sasa hii jike iko tayari ama bado?"

"Bado, adeer. Hii inanuka ngozi ya mbuzi."

"Ngozi ya mbuzi si mimi nitakuletea bure!"

Tulikuwa tunacheka, kisha mlio unasikika mahali, na mimi kicheko kinanikatikia kooni. Yeye alikuwa anamaliza chake.

Chupa mbili za mwisho zilikuwa shampeni. Ya kwanza niliifungua mchana, ikiwa na joto vilevile ilivyotoka chini ya kitanda. Mjinga mimi! Kizibo kiliruka kikapiga mabati ya paa kwa kishindo, povu likanirukia usoni, na nyumba ya pili mke wa mwalimu akapiga yowe akiita watoto walale chini. Askari wawili waliingia mbio na bunduki zao wakanikuta chini ya meza, nimelowa. Mmoja alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mwenzake hakucheka. "Siku nyingine utapigwa risasi wewe," aliniambia, na nilijua hasemi mzaha. Iliyobaki ilikuwa kiasi cha kidole kimoja, na ladha yake ni tufaha lililochemshwa na sabuni.

Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya Mzungu: shampeni ikipata baridi ya kweli hufunguka kwa pumzi tu, haipigi kelele. Maji ya mtungi hayana baridi hiyo. Katika Garissa nzima, baridi pekee ambayo ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwangu ni ile ya chanjo.

Nisingethubutu, lakini tuliletewa ratiba. Watu wa nje ya mji walikuwa wanakusanywa katika vijiji vya kulindwa, wao na ng'ombe wao nyuma ya seng'enge, na mifugo ikibanana hivyo sotoka ikiingia haitoki. Tulitakiwa kwenda na msafara wa jeshi kuchanja kijiji kimojawapo, Jumanne. Wiki chache nyuma, kwenye barabara hiyohiyo, lori lilikuwa limekanyaga bomu. Basi kichwani mwangu likaingia jambo moja likagoma kutoka: nitakufa Jumanne bila kuonja shampeni. Sasa naona haya kuliandika, lakini wakati ule lilikuwa zito kama jambo lolote la maana.

Ijumaa, adeer alipokwenda kuswali, nilifungua friji. Chupa haikuingia. Maboksi ya chanjo yalikuwa kumi na mawili, yamepangwa barabara. Nikatoa matatu, nikayafunga ndani ya gunia lenye maji, gunia kuukuu lililowahi kubeba ngozi, nikayaweka pembeni sakafuni. Saa mbili tu, nilijiambia. Nikalaza chupa mahali pake, nikaenda kula.

Sikumaliza kula. Risasi zilianza upande wa uwanja wa ndege, zikaja karibu, na askari wakapita nyumba kwa nyumba wakiamuru kila mtu akae ndani. Amri hiyo haikuondolewa jioni, wala kesho yake. Nilikaa kitandani nikitetemeka, na kwa mara ya kwanza sikutetemekea roho yangu. Gunia nililiona kichwani mwangu likikauka. Mara mbili niliinuka nikashika komeo la mlango, na mara mbili nikarudi kukaa.

Jumapili asubuhi tuliruhusiwa kutoka, nikakimbia. Gunia lilikuwa limekauka kau. Maboksi yale matatu yalikuwa na joto la mkono wangu. Nilikuwa bado nimechutama hapo nilipozisikia ndara za adeer nje, na kwa kiherehere nikayasukuma ndani ya friji popote palipokuwa na nafasi, nikaichomoa chupa nikaificha ndani ya shati. Baridi yake ilinichoma tumbo.

"Karani, friji iko sawa?"

"Iko sawa, adeer."

"Alhamdulillah. Mimi nilikuwa naogopa sana."

Alipoondoka nilifungua tena nitoe yale matatu, na nikashindwa kuyatambua. Yote kumi na mawili yalikuwa sawa, karatasi zote zimekunjamana kwa unyevu wa friji.

Mtu mwingine angemwaga ile shampeni. Mimi niliinywa. Niliifungua alasiri hiyohiyo chini ya blanketi, nayo ikatoa pumzi tu, kama alivyosema Mzungu. Viputo vilikuwa vidogo, vikipanda kwa mstari bila kuchoka. Ilinuka mkate unapotoka tanuri, kisha tufaha bichi, kisha chokaa ya ukuta mpya. Baridi yake ilipita kooni ikaniosha mpaka kifuani. Sijawahi kunywa kitu kizuri kama kile, tangu siku ile mpaka leo, na nilikunywa huku nalia.

Jumanne tulikwenda. Barabara nzima nilishika ukingo wa lori na sikufa. Kwenye zizi la kijiji, nyuma ya seng'enge, wenye ng'ombe walikuwa wameshapanga foleni, lakini adeer alinivuta kwanza pembeni anionyeshe wa kwake. Walikuwa kumi na mmoja. Ndio wote ambao familia yake ilibaki nao baada ya kusukumwa kijijini. Akanitajia kila mmoja na mama yake na bibi yake, akimpapasa mgongo, akiniambia huyu maziwa yake matamu, huyu mkorofi, huyu ni wa mahari ya binti. Kisha akanyoosha mkono wake.

"Haya, toa boksi ya kwanza. Bole bole."

Nilikuwa nimelishika. Nilijua kabisa nikimpa na nikanyamaza, hakuna atakayejua. Nikasema, "Adeer, chanjo nyingine imekufa. Ni mimi." Nikamweleza yote: chupa, gunia, siku mbili.

Hakunipiga. Heri angenipiga. Alitazama askari waliokuwa langoni, akasogea karibu.

"Nani najua?"

"Hakuna. Nitakwenda kwa bosi niseme."

"Ufunguo ya bili nani iko nayo?"

Ufunguo wa pili wa friji. Alikuwa nao yeye.

"Wewe ni mtu ya bara," alisema taratibu. "Ukisema chanjo ya serikali imeharibika, wewe watakufukuza kazi. Mimi wataniita shifta. Hiyo unajua?"

Nilijua. Nadhani nililijua tangu Jumapili, ndiyo maana nililia.

Akafungua sanduku la chanjo, akayapanga maboksi yote kumi na mawili juu ya turubai. "Ile gunia ilikuwa ya ngozi?"

"Ndiyo."

"Basi nusa."

Nilipiga magoti. Vumbi, mavi ya ng'ombe, jasho langu mwenyewe, na hofu, ambayo hufunga pua kuliko mafua. La kwanza lilinuka karatasi. La pili karatasi. La tatu sikupata kitu, nikakohoa, nikaanza upya. Adeer alisimama mbele yangu akinikinga nisionekane, akijifanya anasafisha sindano. Kwenye la tano niliipata, hafifu, ngozi ya mbuzi. Nikaliweka kando. La tisa vilevile. Lile bovu la tatu likawa gumu. Kati ya la kumi na la kumi na mbili sikuweza kukata shauri; nilinusa hili, nikanusa lile, machozi yakanilenga.

"Yote mbili weka kando," alisema.

Akayatia manne ndani ya mfuko wake wa chakula, na baadaye akayafukia. Sasa yalibaki manane, na zizi lilikuwa limejaa. Tulichanja asubuhi mpaka mchana. Mwenye ng'ombe akija, adeer hakumpunguzia hata mmoja. Na foleni ilipokaribia kwisha na boksi la mwisho nalo likikaribia kwisha, mtu mmoja alimuuliza kwa Kisomali kuhusu ng'ombe wake mwenyewe. Kisomali changu kilikuwa kidogo lakini jibu lake nililielewa. Alisema wa kwake alikwisha kuwachanja wa kwanza, nyinyi mlipokuwa bado mnakunywa chai.

Nilimtazama. Hakunitazama.

Sotoka ilifika kijijini baada ya miezi miwili. Ng'ombe wa watu walinusurika, karibu wote. Pua yangu haikukosea. Wa adeer walianza kutokwa machozi na makamasi siku moja, na kabla ya siku kumi alikuwa amezika tisa kati ya kumi na mmoja. Wenzake walimpa pole wakasema ni mipango ya Mungu. Alikubali ni mipango ya Mungu. Akaendelea kuja kazini saa ileile, akawa anapita barazani kwangu jioni kunisalimu, ingawa sikuwa tena na chupa na yeye hakuwa tena na mzaha. Nilijaribu kumpa mshahara wangu wa mwezi akaufunga mkononi mwangu kwa vidole vyake.

Kisha ikaja barua ya kunihamisha. Asubuhi ya msafara alinisindikiza mpaka kwenye lori, amebeba upande mmoja wa lile sanduku la Mzungu, ndani yake nguo zangu tu. Tulipoliweka chini, aliuliza bila kuniangalia.

"Karani. Ile chuba ya friji. Ilikuwa tamu?"

Nilitaka kudanganya. Nilitaka kusema ilikuwa mbovu, ilikuwa siki, niliimwaga. Ulimi uliojua kutofautisha zambarau na jani la mnyanya ulikuwa mzito mdomoni.

"Ilikuwa tamu sana, adeer."

Akatikisa kichwa taratibu, kukubali.

"Afadhali," alisema, akainama tena kunisaidia kulipandisha sanduku.