Vijiti vya Madamu na Vijiti vya Mama Mkwe

Nilipoolewa katika milima ya Masisi, upande wa Kingi, mama mkwe wangu alikuwa amebatizwa, anaenda misa kila siku ya Mungu, na bado alikuwa mfumu, mpiga ramli. Hakuona shida yoyote. Misa ilikuwa ya roho. Vijiti vyake vilikuwa vya ng'ombe waliopotea na waume wanaochelewa kurudi kutoka soko la Sake. Alivirusha juu ya ngozi ya ndama, akavitazama, akasema neno.

Padri alivichoma mbele ya kanisa. Ajenti wa teritwari, mtawala wa wilaya yetu, Mbelgiji kijana aliyetunza masharubu yake kuliko barabara zake, akaongeza adhabu ya serikali: mama mkwe alipalilia majani mbele ya ofisi mpaka mvua ilipoanza. Ajenti alitukusanya akatufundisha kwamba mtu aliyestaarabika haulizi vijiti mambo ya kesho.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa napeleka maziwa kila asubuhi kwa Madamu, mjane wa kizungu mwenye shamba la pareto juu ya kilima. Hakuwa Mbelgiji. Alitoka kaskazini kabisa ya Ulaya, ambako, alisema, wakati wa baridi jua linasahau kuchomoza. Asubuhi moja nilimkuta barazani ametandika kitambaa cheupe. Alitia mkono katika mfuko wa ngozi, akatoa bila kutazama vijiti vitatu vilivyochongwa alama na kupakwa rangi nyekundu, akavipanga mbele yake, akashika kidevu.

Niliweka kibuyu chini taratibu. Uso ule niliujua. Ulikuwa uso wa mama mkwe akitafuta ng'ombe wa mtu.

Madamu alifurahi kupata mwanafunzi. Alinieleza kuwa alama zile zinaitwa runi, herufi za babu zake, na kila moja ina jina na nguvu yake. Kijiti cha kwanza kinasema yaliyopita, cha pili yaliyopo, cha tatu yanayokuja. Alama ya fehu ni ng'ombe, yaani mali. Raido ni safari. Hagalazi ni mvua ya mawe. Otala ni ardhi ya urithi, na hiyo ilimtokea mara nyingi, hata akaamini kilima kile kilikuwa chake tangu zamani. Wahunde, ambao makaburi ya babu zao yalikuwa chini ya pareto, hakuna aliyewapa mfuko wachomoe kijiti.

Niliporudi nyumbani nikamsimulia mama mkwe, naye kesho yake akavaa kitenge cha misa akanifuata. Madamu alimpa mfuko. Ikatoka fehu. Alipoambiwa maana yake, mama mkwe aliwasifu babu za Madamu kuwa watu wenye akili, kisha akauliza kama ng'ombe wetu mwenye mimba atazaa jike. Madamu alijibu kwa upole kwamba runi hazisemi mambo ya namna hiyo. Zinamwonyesha mtu njia ya roho yake. Tukiwa njiani kurudi, mama mkwe aliniuliza mtu anapanda kilima kirefu hivi kwa nini, ikiwa hataambiwa habari za ng'ombe.

Siku padri alipokuja kunywa kahawa kwa Madamu na kukuta vijiti mezani, niliogopa nikatazama jikoni kulikokuwa na moto. Lakini alivishika kwa heshima, kimoja kimoja.

"Hii haiko bufumu," alisema akinielekea mimi niliyesimama na maziwa. "Hii iko historia ya Ulaya."

Basi ajenti naye akaanza kuja kusoma historia. Alitaka kujua kama atahamishiwa Bukavu, kwenye umeme na ziwa. Ikatoka raido, safari. Alicheka kama mtoto, akanunua masanduku mapya, akaagana na wazungu wote wa milima. Madamu alimchongea na hirizi ya kubeba mfukoni, alama yenye pembe zilizoinuliwa, imkinge na maadui. Ajenti huyo huyo alikuwa ameshawavua watu wetu hirizi za kutosha kujaza kikapu.

Amri ya uhamisho ikafika. Alipelekwa Walikale, ndani ya msitu, kule ambako mvua hainyeshi bali inakaa. Alimwendea Madamu kwa hasira, naye akamwambia kwamba runi ilisema safari. Yeye mwenyewe ndiye aliyeongeza Bukavu.

Siku iliyofuata, saa ambayo watu wako shambani, ajenti alisimama mlangoni kwetu, kofia mkononi. Mimi nilikuwa nakamua. Alianza na habari za majani ya ng'ombe, akazunguka sana, mwisho akamwomba mama mkwe atazame kama ile amri inaweza kugeuzwa.

Mama mkwe alimletea kiti kwanza.

"Vijiti vyangu mulivichoma, Bwana Ajenti," akasema. "Sasa niko na maziwa tu. Ya safari inafaa."

Alinunua, akaenda. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa kitenge.

Madamu aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akakata tawi la mparachichi wake akachonga mfuko mzima wa runi, akampa mama mkwe. Padri alikuja kwa haraka kuvichukua. Alipoona ni alama zile zile za historia ya Ulaya, akavirudisha mkononi mwa mwenyewe, akaomba glasi ya maziwa.

Tangu hapo watu walipanga foleni kwetu. Mama mkwe hakuzishika maana zote kama alivyofundishwa. Kulikuwa na alama moja, isa, mstari mmoja tu uliosimama, ambayo Madamu alisema ni barafu: maji yaliyogeuka mawe mtoni. Mama mkwe alikataa kuuzia watu uongo kama huo. Akaamua isa ni mume anayekaa nyumbani bila kusema neno, na wake wa kilima chetu wakamwambia kwamba hiyo ndiyo runi ya kweli kuliko zote.