Kiboko Amekuja, Kiboko Kimekuja

Nikisikia harufu ya majani ya viazi yaliyopondwa pamoja na makaa, hasira hunipanda hadi leo. Hiyo ndiyo rangi tuliyopaka ubao wa darasa la pili, upande wa Kenya pale Busia, na mikono yetu ilinuka hivyo mpaka jioni.

Tulikuwa tumehamia huko kutoka Tororo, mimi na mama, baada ya baba kufariki. Mama aliuza muhogo mkavu sokoni kwa Kiswahili chetu cha mpakani, ambacho Msamia, Mteso na Mjaluo wote walikielewa. Nami nikaenda shule na hichohicho. Siku ya kwanza Mwalimu Wandera akaniuliza kitabu changu kiko wapi.

"Kitabu yangu iko nyumbani," nikamjibu.

Darasa lilicheka mpaka kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika. Mwalimu akanisimamisha mbele niirudie sentensi hiyo. Nikairudia, akanichapa, na tangu hapo jina langu likawa Kitabu Yangu.

Sasa niwaambie kinachoniudhi zaidi: mtu huyohuyo ndiye aliyenionjesha utamu wa kujifunza. Asubuhi moja aliandika ubaoni: *Kitabu changu kimepotea. Vitabu vyangu vimepotea.* Nilikuwa nimemkazia macho kwa chuki, macho yakateleza, yakaangukia maneno. Ki, ki. Vi, vi. Kumbe maneno nayo huvaa sare! Mwili ukanisisimka. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilijaribu: kikombe changu kimevunjika, miti yangu imeanguka. Nilichelewa mno. "Chakula changu kimepoa," nikamwambia mama, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kesho yake nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kiboko wa mtoni tunasema amekuja?"

"Amekuja. Ni mnyama."

"Na hicho ulichoshika?"

"Kimekuja," akasema bila kufikiri, na darasa likaangua kicheko, safari hii si cha kunicheka mimi. Nilichapwa kwa utundu huo, lakini nilikaa chini nimeshiba.

Jioni mama aliona alama za kiboko miguuni mwangu. Asubuhi akaja nami hadi darasani.

"Mwalimu, mtoto yangu iko na shida gani? Kila siku yeye napigwa."

Mwalimu akaligeukia darasa akitabasamu. "Mmesikia? Maji hufuata mkondo."

Wakacheka. Mama akainamisha kichwa, akakaza leso yake kiunoni. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumwinamishia kichwa hata askari wa mpakani! Nikasimama.

"Mtoto wake hana shida," nikasema. "Kitabu chake kipo. Kiti chake kipo. Kiboko chako ndicho kina shida."

Alinijia mkono juu. Mama akakidaka kile kiboko, akakivunja gotini, akanishika mkono twende zetu. Hapo ndipo nilipolia, nikang'ang'ania dawati. Somo lilikuwa halijaisha. Mama alinitazama kitambo, akaniachia, akaenda kukaa sakafuni pale mlangoni. Mwalimu akafundisha mikono mitupu mpaka kengele ikalia.

Miaka yote niliamini mama alikaa pale kunilinda. Nimeshakuwa mtu mzima mwenye watoto ndipo nilipomshukuru kwa siku ile, naye akanishangaa.

"Kukulinda? Kiboko si nilikuwa nimevunja," alisema. "Mimi nasikiliza tu. Hiyo maneno ilikuwa tamu sana. Mimi hapana pata kukaa kwa shule hata siku moja."

Nilitoka nje nikasimama uani peke yangu. Viboko vya Mwalimu Wandera nilishavisahau zamani. Lakini kile kicheko! Mama yangu alikuwa na njaa ileile niliyokuwa nayo, alikuwa nayo maisha yake yote, na siku pekee aliyofika mlangoni pa darasa, walimpokea kwa kicheko. Hilo sijasamehe, na wala sijaribu.