Usaili wa Jumamosi Kagarama

Kwa nini Jumamosi? Mama aliniuliza hivyo nikikunja nguo za usaili pale nyumbani Kahama. "Ofisi gani hiyo inaita watu Jumamosi asubuhi?" Nikamwambia kampuni za utalii hazina wikiendi. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, ingawa swali lile nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe.

Sababu ya safari ilikuwa tangazo. Nililiona kwenye mtandao wa matangazo madogo, katikati ya majokofu ya mitumba na vyumba vya kupanga: kampuni ya utalii ya Kigali inatafuta karani wa mapokezi mwenye Kiswahili fasaha. Nina shahada ya sosholojia na nilikuwa nimekaa nyumbani tangu kuhitimu. Nikaomba. Siku ya pili tu akanipigia dada aliyejitambulisha kuwa Sandrine. Kiswahili chake kilikuwa kama chetu kabisa, na sauti yake ilikuwa ya upole.

Sikumwamini. Picha ya ofisi yao niliitafuta mtandaoni nikaikuta kwenye tovuti ya hoteli ya nchi nyingine. Sandrine akasema mtengeneza tovuti wao ni mvivu. Wakataka nitume pasipoti na vyeti kwa simu, nikakataa. Basi, wakasema, nije na vyeti halisi mkononi. Ofisi yao ya mtaa wa Remera inakarabatiwa, kwa hiyo usaili utafanyika nyumbani kwa mkurugenzi, mtaa wa Kagarama, na chumba cha kulala jirani na hapo watalipa wao. Chumba nikakikataa pia. Nikampigia Yusufu niliyesoma naye chuo, akaniambia shangazi yake Hadija ni mshonaji huko Kigali na atanipokea.

Utauliza kwa nini basi nilipanda basi. Kwa sababu nilikuwa nimeomba kazi halali nyingi ambazo hazikunijibu hata kwa kunikataa, na hii ilinipigia simu. Nilijiambia nitafika hadi getini, nitaona kwa macho yangu, kisha nitaamua.

Mpakani Rusumo tulifika Alhamisi mchana. Mto Akagera ulikuwa umejaa na maji yalikuwa mekundu ya udongo. Ofisa aliyeshika pasipoti yangu akauliza nakwenda kufanya nini.

"Usaili wa kazi."

"Kampuni gani?"

Nikamtajia. Akatazama juu kama anayetafuta jina lile darini. "Sijaisikia," akasema, akagonga muhuri. "Kigali ni kubwa, lakini si kubwa hivyo."

Baada ya daraja, basi lilihamia upande wa kulia wa barabara, na kila lori lilipotujia mguu wangu ulikanyaga breki isiyokuwepo. Nikarudisha saa yangu nyuma kwa saa moja. Tukiwa bado hatujafika Kayonza, Sandrine akapiga.

"Umevuka?"

"Nimevuka."

"Unakuja peke yako?"

"Peke yangu."

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake. "Haya," akasema. "Safari njema." Nikabaki nimeshika simu. Anayekupa kazi anataka kujua umesoma nini. Huyu alitaka kujua nina nani.

Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi cha Kigali, tulishuka jioni, kwenye kelele za mabasi na za vijana wa pikipiki wanaonyoosha kofia za ziada kwa abiria. Nikapanda mlima kwa miguu hadi Muhima, duka la Bi Hadija. Babu yake alikuja huko na biashara ya vitambaa kutoka pwani, na yeye bado anauza vitambaa na kushona kanzu na sare za shule.

"Ni wewe ule mwana wa maswali Yusufu anasema?" akauliza bila kuinua mguu kwenye cherehani.

"Ni mimi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Unakonda. Hayo maswali inakula nyama yako." Kisha akanyoosha mkono. "Leta karatasi za shule na pasipoti."

Nikampa nikidhani anataka kuziona. Akazifungia kwenye kabati la vitambaa na ufunguo akautumbukiza kifuani. "Tutatoa nakala hapo chini. Utaenda na nakala. Mwenye kazi atasoma nakala. Mwenye kutaka karatasi yenyewe, huyo hatafuti mfanyakazi."

Niliudhika kidogo. Nilikuwa nimepanga kuwa mjanja mwenyewe.

Ijumaa asubuhi nilikwenda Remera. Jengo la anwani iliyokuwa kwenye tangazo lilikuwepo, si mbali na uwanja wa mpira, na hakuna aliyekuwa anakarabati chochote. Mlinzi alisikiliza jina la kampuni hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Oya, hapana. Hiyo haiko hapa. Haijawa hapa hata siku moja."

"Una hakika?"

"Dada, mimi iko hapa tangu hii nyumba iko mchanga na matofali." Akanitazama tena. "Wewe iko mtu wa pili kuuliza. Ule mwingine alikuja mwezi ule imepita, na begi kubwa. Alikuwa analia kidogo."

"Alikwenda wapi?"

"Walimupigia simu, akapanda gari."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeenda Nyabugogo kukata tiketi ya kurudi. Nami nilifika mpaka kwenye kituo cha basi. Lakini nikiwa pale nilimfikiria yule mwenye begi kubwa. Nikirudi nyumbani, nitajua nini? Kwamba mimi nimeponea; yeye aliishia wapi nisingejua. Nikampigia Sandrine nikamwambia sawa, kesho saa tatu.

Jioni nilirudi na Bi Hadija nyumbani kwake, nilikolala jana yake; naye anaishi Kagarama hiyo hiyo. Alikuwa anakoroga isombe, yaani kisamvu, nilipomwambia yote, na nilipofika kwenye saa ya usaili, mwiko ukasimama.

"Saa tatu ya kesho?"

"Ndiyo."

"Kesho ni umuganda."

Neno hilo nililijua kutoka kwenye habari: Wanyarwanda wanafanya usafi kila mwezi. Nilidhani ni watu wachache wenye mafagio. Bi Hadija akanieleza. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi nzima, maduka yanafungwa, pikipiki na mabasi hayatembei, na kila nyumba inatoa mtu kwenda kufanya kazi ya mtaa hadi kwenye saa tano.

"Labda hao si watu wa hapa, hawajui," nikasema.

"Hawajui? Hata mbuzi ya Kigali inajua umuganda." Akafunika sufuria. "Wanajua sana, mwanangu. Ni saa ile majirani wote wametoka. Ukilia, nani atasikia? Ukikimbia, utapanda nini?"

Basi hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya Jumamosi. Nilikuwa nimekagua picha, tovuti na anwani, lakini sikufikiria kukagua kalenda ya mtaa.

Simu ya Bi Hadija ikalia. Ulikuwa ujumbe wa kundi la mudugudu, yaani mtaa wao mdogo: kesho hawaendi bondeni kama miezi iliyopita, kwa sababu mvua imevunja mtaro wa barabara ya juu, nyuma ya kanisa. Akaniomba anwani ya mkurugenzi. Akaisoma mara mbili, kisha akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Mana yanjye! Barabara ni hiyo hiyo. Kesho utaenda usaili, lakini na jembe."

Jumamosi asubuhi nilivaa kitenge cha Bi Hadija na mabuti yake ya mpira yaliyonibana. Kabla ya kazi alinipeleka kwa Mama Keza, mkuu wa mudugudu, mwanamke aliyekulia Karagwe na kurudi akiwa mtu mzima. Alinisikiliza akiwa amesimama, ameshika chepe.

"Hiyo ni ile nyumba ya geti la buluu," akasema taratibu. "Wamehamia, hawajajiandikisha kwangu. Nimegonga mara mbili, wanasema mwenye nyumba kasafiri. Sasa sikiliza, binti: usiende getini. Chimba. Mimi natuma ujumbe polisi."

Tukachimba. Watu walikuwa wengi, wakitaniana kwa Kinyarwanda. Mzee mmoja alinionyesha kwa vitendo kwamba nashika jembe kama kalamu. Mtaro ulipita mbele kabisa ya lile geti. Saa tatu ilipofika, simu ikatikisika kwenye mfuko wa kitenge. Mikono yangu ilikuwa na tope, nikaipokea hivyo hivyo.

"Uko wapi?" Ilikuwa Sandrine.

"Niko njiani. Hakuna pikipiki."

"Njoo kwa miguu. Umevaa nini, wakuone?"

Kabla sijajibu, geti likafunguka kwa upana wa bega. Akatokea mwanamume mwenye shati jeupe, hakuwa na simu sikioni, ila alikuwa anasema na mtu aliye nyuma yake. Alitazama juu ya barabara, akatazama chini. Macho yake yalipita juu ya wanawake wote wenye vitenge na matope, nami nikiwemo, kama mtu anayetazama ukuta.

"Suti nyeusi," nikanong'ona.

Mwanamume akarudi ndani. Kwenye simu sauti ya Sandrine ikashuka mpaka karibu isisikike. "Kama umechelewa, basi usije." Ikakatika.

Nilikasirika. Niliona ni ile mbinu ya kukutisha kwamba nafasi inapotea ili ukimbie. Bi Hadija akanigusa mkono. "Chimba," akasema. "Usitazame geti."

Baada ya kazi hufuata mkutano, na ndio wenyewe wenye nguvu. Watu walikaa kwenye majani, majembe chini, na Mama Keza akauliza nyumba gani haikutoa mtu leo. Kila kidole kikaelekea geti la buluu. Akainuka na majirani wanne wakagonga. Mwenye shati jeupe akatoka na tabasamu, akasema analeta kitambulisho, akafunga geti. Aliporuka ukuta wa nyuma, polisi walikuwa wameshafika upande ule.

Sikuruhusiwa kuingia. Nilitoa maelezo kando ya barabara, nikawaonyesha ujumbe wote kwenye simu. Wakamtoa mwanamume, kisha msichana aliyejifunika uso kwa mtandio. Polisi mmoja akapiga namba ya Sandrine kutoka kwenye simu yangu, na ikalia mkononi mwa yule msichana. Nilimtazama akipandishwa kwenye gari, na nakiri nilifurahi. Nilitamani ainue uso anione.

Jumapili nilirudi, vyeti vyangu vikiwa kwenye begi. Rusumo nilimtafuta yule ofisa wa muhuri nimwambie alikuwa sahihi, lakini zamu ilikuwa ya mwingine. Mama alinipokea Kahama kwa swali moja: "Kazi?" Nikamwambia nimechimba mtaro.

Bado naomba kazi kwa matangazo ya mtandaoni, kwa sababu ndiko kazi zilipo. Lakini siku hizi, kabla ya kujibu tangazo la mji nisioujua, natafuta mtu anayeishi pale, namsomea siku, saa na mtaa, kisha nanyamaza nisikie kama mwiko wake utasimama. Pasipoti haitoki mkononi mwangu. Na mahali pa kwanza pa kukutana nachagua mimi, penye watu.

Karibu mwaka mzima ulikuwa umepita Bi Hadija aliponipigia kuniambia kesi imekwisha. Yule msichana hakuitwa Sandrine. Alikuwa Mtanzania wa Geita, aliyejibu tangazo lile lile kabla yangu, akafika Remera na begi kubwa, akapanda gari, na wakati wote alipokuwa akinipigia, pasipoti yake ilikuwa mfukoni mwa yule mwenye shati jeupe.