Monita ya Shemeji

Mimi ni mtu wa shaka, na sioni haya kusema. Samaki simnunui mpaka nimfunue mashavu. Nazi naitikisa sikioni, na muuzaji akitaka kununa, anune. Kwa hiyo shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliponitumia salamu kwamba ana monita ya kompyuta ya inchi kumi na saba, "safi, nimekuwekea wewe tu," nilijiuliza: kwa nini mimi tu?

Miaka ya tisini ilikuwa yaelekea ukingoni. Nilikuwa nimeacha kuchora mabango kwa brashi, nikasomea kompyuta mjini, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Kisauni nikakifanya ofisi. Nilitengeneza kadi za harusi na michoro ya leso, na hoteli moja ya Bamburi ilinipa kazi ya kuitengenezea tovuti, jambo nililolieleza mtaani kila siku na hakuna aliyenielewa. Monita yangu ya kwanza, ndogo, ilikuwa imeshanitia aibu. Ilinionyesha zambarau, kadi zikatoka kwa mpiga chapa buluu tupu, na mama wa bibi harusi akanijia mpaka mlangoni na maneno yake. Tangu siku hiyo niliapa sichukui kioo kabla ya kukipima.

Lakini shemeji utampimaje? Kwetu ukipekua bidhaa ya jamaa yako mbele yake, umemwita mwizi. Na huyu alikuwa asali mbele za watu: msikitini mpole, harusini mkarimu, wazee wetu wote wakimsifu. Dada ndiye aliyesema mengine. Alisema mlango ukifungwa mtu yule hubadilika, humtukania mama yetu aliye kaburini, humfungia ndani kutwa. Mara mbili alikwenda kushtaki kwa baba mdogo, aliyekuwa badala ya baba yetu, na mara mbili akarudishwa kwa mumewe. "Nani mwengine aliyeyaona hayo?" baba mdogo aliuliza. Hakuna. Kaka yetu alipojaribu kuulizauliza, akapigwa marufuku nyumba ile. Niliyebaki kuruhusiwa kuingia ni mimi peke yangu. Nikimuudhi shemeji, dada angebaki na mtu yule bila hata wa kumbishia hodi, na hilo lilininyima usingizi kuliko kioo chochote.

Basi nikafanya ujanja. Dada na mimi tulikuwa na doti moja ya leso tuliyogawana, kipande chake na kipande changu, nyekundu iliyoiva, yenye michoro ya korosho nyeupe na pindo jeusi. Leso hiyohiyo nilikuwa nimeichora kwenye kompyuta nzuri ya chuoni, rangi kwa rangi, nikaitia kwenye disketi. Nikajitanda yangu, disketi mkobani, nikaenda Changamwe, dukani kwa shemeji. Nikiifungua kwenye kioo chake, nitatupa jicho begani mwangu na nitajua, naye atadhani namuonyesha kazi.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele, nyumba iko nyuma, pazia katikati.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, marahaba! Karibu mtu wetu wa kompyuta!"

Monita ilikuwa mezani, imeungwa kwenye kompyuta ya dukani na imeshawashwa, picha ya samaki wa rangi wakiogelea gizani. Aha, nikasema moyoni, gizani kila kioo ni kizuri. Nikajifanya naegemea meza, nikapeleka mkono nyuma kwenye kisogo cha monita. Moto! Kimewaka tangu alfajiri hiki. Kioo kilichochoka huamka polepole, na huyu bwana amekiamsha mapema ili nisikikute kikipiga miayo.

"Yaonekana nzuri," nikasema.

"Nzuri tu? Wallahi, haina hata mwaka. Imetoka Ulaya, kwa bibi mmoja wa ofisini aliyekuwa akiishika kwa hanchifu."

Ee, na mimi nimezaliwa jana! Alama za vitufe vyake zilikuwa zimefutika kabisa. Huyo bibi labda alikuwa akivibonyeza kwa patasi. Lakini nilitabasamu, nikasema mashallah.

Dada akatoka nyuma ya pazia na sinia la juisi ya ukwaju na kaimati. Naye alikuwa amejitanda kipande chake, kama tulivyozoea kila tukionana. Alinipa mkono lakini hakunitazama usoni.

"Ngoja nikuonyeshe kazi yangu, shemeji," nikasema, nikaitia disketi. Ikakoroma kidogo, kisha picha ikajaa kioo. Lo! Leso yangu ilikuwa imegeuka rangi ya matofali, na zile korosho nyeupe zimekuwa manjano. Nilimeza juisi.

"Waiona rangi hiyo?" shemeji akauliza.

"Naiona."

Dada akaliweka sinia chini. Akashika ncha ya leso yake, akaipeleka mpaka kwenye kioo. "Mbona si hii?" akasema. "Hii ni nyekundu, ile ni tope. Kioo hiki kibovu, na wewe wajua kwamba ni kibovu. Jana ulikuwa ukikipiga makofi ndipo kiwake."

Shemeji alikuwa bado anatabasamu, lakini ngumi yake ilikuwa imefungika juu ya meza. Nikaingiwa na hofu, nikaruka kabla hajafungua mdomo.

"Ah, dada nawe! Ni taa hii ya dukani yapotosha rangi. Kule kwangu kitakuwa sawa. Nakichukua, shemeji." Na nikacheka, kicheko cha kijinga kabisa.

Ngumi ikafunguka. Akasema atanitafutia boksi uani, akatoka.

Dada akanigeukia. Sijawahi kumuona na hasira vile. "Umefanya nini?"

"Nimekuokoa."

"Nani kakutuma? Nilitaka aghadhibike! Nilitaka ayamwage yote mbele yako, uone kwa macho yako, ukamwambie baba mdogo. Nguo zangu zimeshafungwa, ziko nyuma ya pazia hapo. Mimi ndiye niliyemtia maneno akuuzie wewe kioo hiki, nipate kukuleta."

Nilihisi nimemwagiwa maji ya baridi. Nimepapasa kisogo cha monita, nimekagua vitufe, na dada yangu mwenyewe sikumkagua. Shemeji akarudi na boksi, anapiga mluzi. Nikasimama.

"Shemeji," nikamwambia, "kioo chako kibovu. Ulikiwasha mapema nisione kinavyoamka, na hakuna cha bibi wala hanchifu. Sikichukui."

Akaliachia boksi. Nilingoja anigeukie mimi, lakini alimgeukia dada. Alianza kwa kumtukania mama yetu, akateremka kutoka hapo, na hakuwa akitafuta maneno. Yalimtoka kama mtu anayesoma alichokihifadhi zamani. Kisha akamkamata mkono, akamvuta kuelekea pazia, na mimi nimesimama palepale.

Nikamshika dada mkono wa pili. "Mwachilie," nikasema. "Nimeona na nimesikia. Baba mdogo atayapata yote, neno kwa neno."

Akamwachilia. Dada akaingia nyuma ya pazia, akatoka na furushi lake. Hata hatujafika mlangoni, bwana yule alikuwa amesharudisha asali: "Shemeji, ni hasira tu, wajua joto la huku…" Tukatoka.

Jioni ile wazee walikaa mkekani nyumbani Kisauni, na mimi nikayasema. Nilikuwa mwanamke mbele ya wanaume wazima, nayataja matusi ambayo sijapata kuyatia kinywani, na usoni nawaka kwa aibu. Nilipofika kwenye yale ya mama, baba mdogo aliinua mkono, macho ameyainamisha. "Yatosha, mwanangu," akasema.

"Bado, baba," nikamwambia. "Mwenzangu aliyasikia kila siku."

Nikaendelea mpaka mwisho, dada amekaa nyuma yangu, na nilipomaliza hakuna aliyethubutu kumwambia arudi.